Kuimba Pamoja Krismasi Nyumbani: Mwongozo Kamili, Kuanzia Kuchagua Nyimbo Hadi Ngoma ya Jioni

Wimbo wa familia haufi kwenye ubeti wa kwanza. Hufa kwenye wa pili. Ubeti wa kwanza kila mtu anaimba kwa furaha, senje (shangazi) anapaza sauti, watoto wanapiga makofi. Wa pili, nusu ya watu hawajui maneno na nusu nyingine koo zimekauka kwa kuimba juu. Kabla ya wa tatu, binamu fulani ameshawasha spika. Kuanzia hapo hadi usiku ni muziki wa kwenye simu, na watu waliotoka Nairobi, Mombasa na Nakuru kuja Kakamega au Siaya wanakaa kwenye viti vya plastiki wakisikiliza nyimbo zilezile walizozisikia kwenye matatu.

Mimi hufundisha kwaya ya kanisa hapa Kisumu, na kila Januari malalamiko ni yaleyale: tulijaribu kuimba nyumbani, ikakwama. Vipaji vipo. Kanda hii ya magharibi haijawahi kupungukiwa na sauti. Kinachokwamisha ni mambo manne: wimbo ulianzishwa juu mno, nyimbo zilikuwa nyingi mno, maneno hayakuwafikia watu mapema, na ngoma zilimeza waimbaji. Hatua ya kutafuta sauti ya kuanzia nimeirefusha kuliko nyingine kwa makusudi, kwa kuwa hapo ndipo nyimbo nyingi zaidi huangukia.

## Vitu vya kuandaa

- Simu moja yenye programu ya piano. Ziko za bure nyingi na haihitaji intaneti ukishaipakua.
- Karatasi za A4 zenye maneno kwa herufi kubwa, ukubwa wa 18 au zaidi. Chapisha nakala moja kwa kila watu watatu. Kila mtu akiwa na yake ataiinamia peke yake. Wakishiriki moja watasogeleana na kusikilizana.
- Ngoma moja ya kawaida, au seti ya ngoma tatu za isukuti, ngoma ya jadi ya Waluhya, ikiwa mna wapigaji wanaozijua.
- Vitu vya kutikisa na kukwaruza: kayamba, njuga, vifuniko vya soda vilivyotobolewa na kuunganishwa kwa waya, chupa ya Fanta ya glasi ile yenye mikunjo pamoja na msumari wa kuikwaruzia.
- Taa mbili za sola au za kuchaji. Stima ikipotea jioni, na Desemba hupotea, karatasi hazitasomeka.
- Benchi za wazee, ziwekwe katikati ya waimbaji. Ukiziweka pembeni umewageuza watazamaji.
- Watu wawili walioteuliwa kwa majina: mwimbishaji, na msaidizi wake atakayeshika wimbo mwimbishaji akiishiwa pumzi.

Kinanda cha umeme si lazima. Kikiwapo, mpigaji wake ndiye atakayeamua kila kitu, na watu watamwachia afanye kazi peke yake.

## Hatua ya 1: Ongea na wenye boma

Fanya hivi wiki ya kwanza ya Desemba. Mpigie mzee wa boma, kisha kukhu au dani (yaani nyanya), na uwaeleze unachotaka: saa moja ya kuimba mchana na nusu saa jioni, spika ikiwa imezimwa. Usianzie kwenye kundi la WhatsApp la familia. Jambo likianzia pale kabla ya wazee kulisikia, litapingwa hata kama wanalipenda.

Yako mambo matatu ya kuuliza moja kwa moja.

La kwanza ni kama kuna msiba wa karibuni katika boma au kwa jirani wa mpaka mmoja. Isukuti hupigwa kwenye harusi na hupigwa matangani pia, na ngoma ikilia siku ambayo jirani bado ana turubai la matanga, mtaeleweka vibaya.

La pili ni msimamo wa makanisa ya nyumbani kuhusu ngoma. Boma moja la Vihiga linaweza kuwa na Waquaker, Wapentekoste na waumini wa kanisa la Israel Nineveh wanaotembea barabarani na ngoma kila Jumapili. Wengine ngoma ndiyo ibada yao, wengine hawaitaki karibu na wimbo wa kidini. Suluhisho hupatikana kwa urahisi likizungumzwa mapema: nyimbo za Krismasi bila ngoma, za furaha na ngoma.

La tatu ni Wasabato. Tarehe 25 ikiangukia Ijumaa, kama mwaka 2026, Sabato yao inaanza jua linapozama. Ukiwa na shemeji Msabato na umepanga ngoma saa moja jioni, umemfungia nje bila kukusudia. Sogeza sehemu ya jioni ianze saa kumi na moja.

Kisha kuna yule mwenye spika. Msimfanye adui. Mpe kazi yenye jina: yeye ndiye atakayerekodi, na spika ni yake kuanzia saa mbili usiku. Ukimwahidi saa zake, atazilinda zako.

Umefaulu ikiwa: mzee mwenyewe ndiye anayewatangazia wengine kwamba mwaka huu kutakuwa na kuimba.

## Hatua ya 2: Chagua nyimbo sita, usizidishe

Watu huniletea orodha za nyimbo ishirini. Hakuna familia inayokutana mara moja kwa mwaka ikaimba nyimbo ishirini vizuri. Sita zinatosha, na mkizifurahia mtazirudia, jambo ambalo ni zuri kuliko kwenda kwenye wimbo mpya msioujua.

Mgawanyo ninaoupendekeza ni huu:

1. Nyimbo mbili za Krismasi za kanisani ambazo hata mtoto wa darasa la nne anazijua.
2. Nyimbo mbili za Kiswahili za kupokezana, yaani mwimbishaji anatoa mstari na wote wanaitikia.
3. Wimbo mmoja wa lugha ya boma: Lulogooli, Lwidakho, Lubukusu, Dholuo, yoyote ile.
4. Wimbo mmoja wa upande wa wakwe.

Huo wa mwisho watu huuruka, na ni kosa. Siku hizi ni vigumu kupata boma la Kakamega lisilo na mke wa Kijaluo, mkwe wa Kikuyu kutoka Nakuru au mume wa Kikalenjin. Mkwe ambaye wimbo wa kwao uko kwenye karatasi hataimba kwa sauti ya mgeni. Ikiwa baba mkwe anatoka Alego, kule Siaya, na anapiga nyatiti, kinubi cha Wajaluo, mpe nafasi yake kamili: nyuzi nane, gara (njuga) zikilia mguuni, pete ya chuma ikigonga ubao kwa kidole gumba cha mguu. Hapo wengine mnaitikia tu.

Pima kila wimbo kwa kiitikio chake. Kiitikio kikizidi maneno sita au saba, mjukuu aliyelelewa Umoja, Nairobi, asiyeijua lugha ya kwao ataachwa nyuma. Kikiwa na manne, atakishika kwa kusikia mara mbili.

Angalizo: wimbo mpya unaovuma mwaka huu uachie spika. Nyingi zimetungwa kwa sauti ya mtu mmoja aliyerekodi studioni, na watu thelathini wakiuimba pamoja unageuka kelele.

## Hatua ya 3: Tafuta sauti ya kuanzia

Hapa ndipo pa kutulia.

Mwimbishaji wa kawaida ni mama au kijana mwenye sauti kali. Anaanzisha wimbo pale anapojisikia vizuri yeye. Mstari wa kwanza uko chini, kwa hiyo hakuna anayeona tatizo. Mstari wa tatu ndio unaopanda, na hapo wajomba wananyamaza, watoto wanapiga kelele, kina mama wanashuka chini ghafla kwa oktava nzima. Wimbo umeshavunjika, na kila mtu anadhani ni yeye asiyejua kuimba.

Dawa ni kuuchunguza wimbo kutoka juu kwenda chini, wiki tatu kabla ya Krismasi.

Kwanza, tafuta noti ya juu kabisa na ya chini kabisa. Imba wimbo polepole kwa do-re-mi. Kama hujui solfa, mwombe mwanakwaya yeyote. Kanda hii wamejaa, na wengi walijifunza shuleni wakijiandaa kwa mashindano ya muziki. Andika: chini so, juu so. Au: chini do, juu fa.

Pili, jua mipaka ya watu wa kawaida. Wanawake na watoto ambao hawajazoea kwaya wanaimba bila shida kutoka A iliyo chini ya C ya katikati ya piano, hadi D iliyo baada ya C inayofuata juu. Wanaume wanaimba hayo hayo oktava moja chini. Ukivuka D hiyo, unawaimbia wanakwaya peke yao.

Tatu, weka wimbo ndani ya mipaka hiyo. Mifano mitatu itakusaidia kwa nyimbo nyingi:

- Wimbo unaotoka so ya chini hadi so ya juu: Do iwe F, yaani Do yenu ianzie kwenye noti ya F ya piano. Utaanzia C na kuishia C. Ukiweka Do kwenye G utafika D, na huo ndio mwisho wa mpaka.
- Wimbo unaotoka do hadi do ya juu: Do iwe C.
- Wimbo unaotoka do hadi fa ya juu: Do iwe A. Ule wimbo wa Austria wa usiku mtakatifu, ambao kila kanisa linao, ni wa aina hii. Unaonekana mpole lakini upana wake ni oktava moja na noti tatu zaidi. Ukiuanzisha Do ikiwa C, unawapeleka watu hadi F ya juu, na ndiyo maana kila mwaka mstari wake wa mwisho huimbwa na watu wawili tu.

Andika jibu juu ya karatasi ya wimbo: "Do ni A." Usiliache kichwani.

Nne, fundisha mwimbishaji kuanza kwa simu. Anabonyeza Do kwenye programu ya piano, anaiguna, anapanda do-mi-so-do kwa sauti ndogo, kisha anaanza. Inachukua sekunde tano. Wazee watacheka mara ya kwanza. Mara ya pili watasubiri.

Tano, jaribu mstari wa juu kwanza. Kabla ya kuimba wimbo wote, imbeni ule mstari unaopanda peke yake. Ukipita bila mtu kukunja uso, wimbo wote utapita. Ukikwama, shusha Do kwa nusu noti na mjaribu tena.

Mambo mawili ya kuangalia. Asubuhi sauti ziko chini, hasa za wanaume waliokesha wakipiga gumzo tangu saa tatu usiku. Kama mtaimba kabla ya saa nne, shusheni noti moja nzima. Na msiige ile tabia ya kupandisha kii, yaani mahali Do ilipo, kila ubeti ili kuleta msisimko. Kwaya iliyofanya mazoezi inaweza. Familia iliyokula chapati haiwezi.

Umefaulu ikiwa: ubeti wa mwisho una sauti nyingi kuliko wa kwanza.

## Hatua ya 4: Maneno yawafikie watu kabla hawajapanda gari

Nyimbo za Krismasi za Kiswahili zina tafsiri zaidi ya moja. Mkatoliki ana yake, Mwanglikana yake, na kila mmoja anaijua kwa moyo tangu utotoni. Mkianza bila kukubaliana, mtasikia maneno mawili tofauti kwenye noti moja, na wote wako sahihi. Chagueni moja, muiandike, na aliyezoea nyingine asome.

Kisha rekodi. Keti mahali pasipo upepo, imba ubeti wa kwanza na kiitikio kwa kii ile ile uliyoandika hatua ya 3, uitume kwenye kundi la familia. Dakika moja kwa wimbo inatosha. Tuma mbili kwa wiki, kuanzia wiki ya kwanza ya mwezi. Ukituma zote sita siku moja, hakuna atakayesikiliza hata moja.

Kwa wimbo wa lugha ya mama, andika maneno kama yanavyosikika na uweke maana ya mstari mmoja chini yake. Watoto huimba kwa nguvu zaidi wakijua wanamsifu nani au wanamtania nani.

Wazee wasio na simu za WhatsApp usiwasahau, ingawa mara nyingi wao ndio wanaoujua wimbo kuliko wewe. Mpigie kukhu umwombe akuimbie beti anazozikumbuka. Hapo utapata ubeti wa nne na wa tano ambao hauko kwenye kitabu chochote.

## Hatua ya 5: Gawa sauti kwa upole

Usijaribu kuwapanga watu wa familia katika soprano, alto, tenor na besi kamili. Hamna muda, na mwanakwaya mmoja anayekemea wengine anaweza kuharibu mchana wote.

Wote waimbe sauti ya kwanza. Wanaojua kuongeza sauti ya pili wataiongeza wenyewe kwa sikio. Watu wa huku hufanya hivyo bila kuambiwa. Unachoweza kuongeza wewe ni besi, sauti ya chini ya wanaume. Chukua wanaume wanne au watano, wafundishe noti tatu tu: do, fa na so. Nyimbo nyingi za kanisani na za kupokezana zinabebwa na hizo tatu. Kazi yao ni kusikiliza na kuhama kwa pamoja wimbo unapohama. Kwa nusu saa wanaweza, na tofauti itasikika hadi barabarani.

## Hatua ya 6: Ngoma

Isukuti ya Waisukha na Waidakho hupigwa kwa ngoma tatu: kubwa, ya kati na ndogo, pamoja na pembe na njuga za chuma. Ngoma tatu hizo zikiwa karibu zinaweza kuwafunika watu arobaini. Kwa hiyo utaratibu wa kuingia ndio kila kitu.

Sauti zianze peke yake. Imbeni mzunguko mmoja mzima bila ngoma, makofi tu. Hapo mwendo unakaa miguuni mwa watu.

Ngoma ndogo iingie mzunguko wa pili, ya kati wa tatu, kubwa wa nne. Zikiingia zote kwa mpigo mmoja, kila mpigaji atakuwa na mwendo wake na waimbaji watafuata aliye karibu nao.

Wapigaji wakae pembeni, wakimwona mwimbishaji uso kwa uso. Wasiwekwe kati ya mwimbishaji na wanaoitikia, kwa sababu hao wa nyuma hawatasikia mstari wanaopaswa kuujibu.

Mwimbishaji awe na ishara ya kushusha. Mkono ukishuka, ngoma kubwa inanyamaza na nyingine zinapungua. Ikubalianwe kabla. Katikati ya wimbo hakuna anayesikia maelezo.

Ngozi za ngoma hulegea zikipata unyevu, na mvua za mchana za Kakamega na Kisumu huweza kufika hadi Desemba. Ziweke juani nusu saa kabla, au karibu na moto wa jikoni, umbali ambao kiganja chako kinaweza kukaa bila kuungua, ukizigeuza. Gonga usikilize: mlio ukipanda na kuwa mkavu, iondoe. Ikikaa zaidi ngozi inapasuka, na ngoma ya kuazima ikipasuka kuna maneno.

Kama mnanunua mpya, ulizeni ngozi ni ya nini. Ngoma za zamani zilifunikwa kwa ngozi ya kenge, na kenge ni mnyama wa porini anayelindwa na sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013. Ya mbuzi, au ya ng'ombe iliyo nyembamba, inafaa.

Kwa kikundi cha kukodi, kubalianeni mapema juu ya malipo, nauli, chakula na saa ya kumaliza. Saa ya kumaliza ndiyo inayosahauliwa. Na busaa, pombe ya kienyeji, ije baada ya kupiga. Mpigaji aliyekunywa huongeza mwendo bila kujua, na mkifika mzunguko wa sita hakuna mzee anayeweza kuucheza.

Kuna jambo lingine. UNESCO iliiweka isukuti mwaka 2014 katika orodha ya urithi unaohitaji kulindwa kwa haraka, na sababu mojawapo ni kwamba mafundi wengi wamezeeka na hawana wa kuwarithi. Kwa hiyo kila mpigaji awe na kijana mmoja kando yake, akigonga mdundo uleule kwenye goti. Mzunguko wa mwisho, mpigaji wa ngoma ndogo ampishe. Ndogo ndiyo ya kuanzia, maana akikosea ya kati na kubwa zitambeba.

Nyimbo za Krismasi zenye mwendo wa tatu-tatu, ule wa kubembea, zisiguswe na isukuti. Haziendi pamoja. Kwa hizo tumia kayamba peke yake, polepole, au msitumie chochote.

Watoto wote watataka kutikisa kitu. Wape, lakini kwa sharti: anayetikisa lazima awe anaimba. Akinyamaza, kifaa kinahamia kwa mwenzake. Sheria hii inasimamiwa vizuri zaidi na mtoto mkubwa wa miaka kumi na mbili hivi. Atakuwa mkali kuliko wewe.

## Hatua ya 7: Zoezi moja, jioni ya tarehe 24

Wengi watakuwa wamefika, isipokuwa wale waliokwama kwenye foleni ya Nakuru. Dakika arobaini na tano zinatosha, kabla ya ibada ya mkesha. Pitieni mstari wa juu wa kila wimbo, kiitikio cha kila wimbo, na mwanzo na mwisho wa kila wimbo. Msiimbe nyimbo nzima. Mkizimaliza leo, kesho zitakuwa zimechacha, na sauti zitakuwa zimechoka.

Fanyieni mazoezi mwisho kuliko mwanzo. Nyimbo za kupokezana haziishi zenyewe; bila ishara, nusu inaacha na nusu inaendelea. Ishara nzuri ni mwimbishaji kurudia mstari uleule mara mbili kwa kupunguza mwendo.

## Hatua ya 8: Siku yenyewe

Msingoje baada ya chakula. Chakula cha Krismasi cha huku kinaiva saa tisa hata kama kiliahidiwa saa saba, na ule muda wa kungoja ndio unaozaa spika na simu. Anzeni saa nane. Mkishakula, nusu ya besi italala.

Imbieni karibu na jikoni. Hili nalisisitiza. Boma nyingi hupanga kuimba mbele ya nyumba kubwa, chini ya hema, huku kina mama na wasichana wako nyuma wakisukuma chapati. Waimbaji bora wa familia wako kwenye moshi. Wakiachwa huko, mmepoteza alto wote na sehemu kubwa ya soprano, na mmewafanya watumishi kwenye sikukuu yao wenyewe. Hamisha benchi ziende kwao, au wanaume wachukue zamu ya kugeuza chapati kwa wimbo mzima. Nimeona yote mawili yakifaulu, la pili kwa vicheko vingi na chapati chache za kuungua.

Simameni nusu duara, si mistari. Wazee katikati wakiwa wameketi, watoto mbele yao, wanaume wa besi nyuma pamoja. Kwa wimbo wa isukuti tu ndipo mjipange safu ya wanaume na safu ya wanawake, mkitazamana.

Mpangilio wa mchana: wimbo mmoja wa Krismasi, wimbo mmoja wa kupokezana, wimbo wa boma na ngoma, wimbo wa wakwe. Acheni hapo, hata kama watu wanataka kuendelea. Mbili zilizobaki ni za jioni.

Katika wimbo wa kupokezana, mwimbishaji aanze mstari wake kabla kiitikio hakijakauka kabisa. Mwanya wa sekunde mbili kati ya mwito na jibu ndio unaowapa watu nafasi ya kuchomoa simu.

Umefaulu ikiwa: jirani amekuja ukingoni mwa ua akaanza kuitikia. Mwiteni aingie.

## Hatua ya 9: Jioni, na walio mjini

Jua likikaribia kuzama, imbeni zile nyimbo mbili zilizobaki kwa sauti ya chini, bila ngoma kubwa. Mwalikeni kila mzee aongeze ubeti wake. Wengine watatunga papo hapo, wakitaja majina ya waliokuja kutoka mbali, na hapo msisahihishe chochote.

Kwa mlio kwenye ploti (nyumba za kupanga) za Nakuru au Kisumu, msiosafiri mwaka huu, hatua ni zilezile kwa vipimo vidogo: nyimbo tatu, kayamba, na kupita mlango hadi mlango saa kumi na moja jioni. Ngoma kubwa msiilete. Kuta za ploti zinaifanya iwe radi. Kanuni za kelele za mwaka 2009, zinazosimamiwa na NEMA, mamlaka ya mazingira ya Kenya, ni kali zaidi usiku, na mwenye nyumba hatatofautisha wimbo wenu na baa ya Kondele, mtaa wa Kisumu. Mwarifuni yeye na mlinzi asubuhi.

## Wimbo ukikwama papo hapo

Umeanzishwa juu mno: mwimbishaji asimamishe mara moja, acheke, abonyeze simu, aanze tena. Kusimama baada ya mstari mmoja ni rahisi kuliko kuvumilia beti tano.

Mwendo unakimbia: ngoma zinyamaze, wote wapige miguu chini mara nane, kisha muimbe.

Maneno yamepotea: kiitikio tu, mara tatu, kisha mmalize.

Mtu mmoja anapaza kuliko wote: mkabidhi ngoma ya kati au umfanye msaidizi wa mwimbishaji. Kumnyamazisha mbele ya wakwe hakufai.

Mvua: ingieni ndani bila ngoma. Bati likipigwa na mvua linatosha.

## Baada ya sikukuu

Asubuhi ya tarehe 26, kabla watu hawajaanza kuondoka, mwenye kurekodi atume sauti kwenye kundi la familia, na wewe uandike kwenye karatasi ileile kii zilizofaa na zilizokataa. Mahali palipoandikwa "Do ni C" na watu wakaumia, kata uandike B-fleti. Beti mpya za wazee ziandikwe siku hiyohiyo, wakiwepo.

Ngoma zipanguswe kwa kitambaa kikavu na zihifadhiwe mbali na sakafu, ngozi isiguse ukuta. Seti ya kukodi irudishwe mapema: Desemba ni mwezi wa harusi, na mwenyewe ana kazi nayo kesho yake.